Nilikataa kuandika uongo, nikapoteza kazi: je, huo ndio utii?

Swali la msomaji: «Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Goma. Kwa miaka sita nilikuwa mtunza hesabu katika depo moja inayoleta mchele, unga na mafuta kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwenye depo aliniagiza niandike kwenye karatasi za forodha mifuko michache kuliko iliyoingia. Nilikataa kwa sababu ya imani yangu, naye akaniondoa. Sasa ni mwezi wa saba sina kazi. Kaka yangu anasema Mungu hawezi kumkataza mama kulisha watoto wake. Mchungaji wetu anasema mlango haujafunguka kwa kuwa sijatii neno alilopewa juu yangu, kwamba zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, ikifika nitoe pesa yote kanisani iwe mbegu. Naomba unieleze: kumtii Mungu ni nini hasa, na kuna umuhimu gani ikiwa tunaokolewa kwa imani? Na kama nilitii, mbona ni mimi niliyeumia? Na yule bwana akiniita tena, nirudi?»

Jibu:

Mama mpendwa, barua yako nimeisoma hapa Bukavu zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba ndani yake wamo watu watatu wanaotaka uwatii: mwenye depo, kaka yako na mchungaji wako. Wote watatu wanasema kwa uhakika mkubwa. Sauti ya Mungu ndiyo pekee unayoiuliza kwa wasiwasi, kana kwamba yeye ndiye mgeni kati yao. Kwa hiyo nitaanza na neno lenyewe, kwa sababu naona kwamba neno «kutii» limechafuliwa masikioni mwako na watu waliolitumia kukuamrisha.

Mama wa kwetu akisema «mtoto huyu hasikii», hakuna jirani anayedhani kuwa masikio ya mtoto yana ugonjwa. Kila mtu anaelewa kwamba mtoto amesikia vizuri sana, ila hakuinuka. Waebrania walikuwa na desturi hiyo hiyo ya lugha: neno lao shama hubeba kusikia na kutii kwa pamoja, hata mara nyingi Biblia yetu inapoandika «kutii» au «kuisikiza sauti», mzizi wa neno ni ule ule unaofungua Kumbukumbu la Torati 6:4, «Sikiza, Ee Israeli». Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinalijenga neno la utii juu ya kitenzi cha kusikia. Tena wafasiri wetu wa Kiswahili, walipofika Waebrania 11:8, waliandika jambo ambalo mimi nimelihubiri kwa miaka mingi bila kulichoka: «Kwa imani Ibrahimu alipoitwa aliitika.» Aliitika. Halafu mstari unaendelea kusema kwamba akatoka asijue aendako. Hakujua njia wala mwisho wake, lakini alimjua aliyemwita, na hilo lilitosha kumwondoa Harani akiwa na umri wa miaka 75.

Huo ndio utii ninaouona katika Maandiko: kuitika unapoitwa na yule unayemjua. Mtoto akiitwa usiku, huitika akiitambua sauti ya mama yake. Asipoitambua hukaa kimya ndani ya nyumba, na ukimya huo hakuna anayeuita ukaidi, kwa maana ndivyo alivyofundishwa. Naomba uikumbuke picha hii, kwa kuwa tutairudia tutakapofika kwa mchungaji wako.

Sasa, unauliza utii una umuhimu gani ikiwa tunaokolewa kwa imani. Swali hili limewasumbua watu wakubwa kuliko sisi, lakini nadhani sehemu kubwa ya ugumu wake inatokana na kuyatazama mambo kwa mpangilio uliogeuzwa. Fungua kitabu cha Kutoka uone kinavyopangwa. Bahari inagawanyika katika sura ya 14. Amri kumi zinatolewa katika sura ya 20, na kabla ya amri ya kwanza kuna sentensi ambayo wengi wetu tunaikariri haraka ili tufike kwenye makatazo: «Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.» Mungu hakuenda Misri na kuwaambia watumwa wazishike amri kumi kwa mwaka mmoja ndipo awafungulie mlango. Aliwatoa kwanza wakiwa vile walivyokuwa, wakinung'unika, kisha akawafundisha namna ya kuishi kama watu walio huru. Amri ya kutoshuhudia uongo, ile uliyoishika wewe mbele ya karatasi za forodha, walipewa watu ambao tayari walikuwa wamevuka bahari.

Paulo anafuata mpangilio huo huo katika Waefeso 2: mistari ya 8 na 9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, na mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Wanaoishia mstari wa 9 hupata imani iliyo maneno matupu, ile ambayo Bwana aliiuliza swali katika Luka 6:46, kwa nini mnaniita Bwana, Bwana, walakini hamyatendi nisemayo. Wanaoanza na mstari wa 10 hupata dini ya kulipa deni lisilokwisha. Ni kweli kwamba utii haununui wokovu, lakini imani isiyoitika kamwe ni imani gani? Ukiniambia kwamba unamwamini daktari, lakini dawa yake umeiacha mezani wiki tatu, nitajua kwamba unampenda tu daktari huyo, kwa maana kumwamini bado hujamwamini.

Niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari, mzazi mmoja mwenye uwezo alikuja kwangu kabla ya matokeo ya mwisho wa mwaka. Mtoto wake alikuwa ameanguka katika somo langu. Mzazi huyo hakunipa pesa mkononi, kwa sababu alinijua kuwa mtu wa kanisa, na alijua kwamba ningeikataa. Alileta mifuko sita ya saruji kwa ajili ya kapela tuliyokuwa tukiijenga. Niliongeza alama. Nilijiambia kwamba sikula hata faranga moja, kwamba yote yalikwenda kwa Mungu, na kwamba mtoto mwenyewe hakuwa mbali sana na alama ya kupita. Miezi michache baadaye niliombwa kuhubiri katika kapela ile ile, na somo la siku lilikuwa 1 Samweli 15.

Unaikumbuka sura hiyo. Sauli alipewa agizo, akalitimiza nusu, akawabakiza kondoo na ng'ombe walionona, kisha akampokea Samweli kwa furaha akidai kwamba neno la Bwana amelitimiza. Samweli akamuuliza swali ambalo kwangu ni miongoni mwa maswali makali kuliko yote katika Biblia: kama ni hivyo, basi mlio huu wa kondoo ninaousikia ni wa nini? Sauli alikuwa na jibu tayari, nalo lilikuwa jibu la kidini: kondoo hao wamehifadhiwa ili watolewe dhabihu kwa Bwana. Ndipo likaja lile neno, «kutii ni bora kuliko dhabihu». Nilisimama mimbarani nikiwa nimezungukwa na kuta za saruji ile, na nakuambia kweli, niliwasikia kondoo. Ilinichukua muda mrefu, na aibu kubwa, kwenda kwa mkuu wa shule kusema nililolifanya.

Kuhusu sura hiyo nina onyo, hasa kwa sisi tunaoishi Kivu na ambao tumewazika watu wengi. Agizo alilopewa Sauli lilikuwa la vita, na ni agizo zito hata kulisoma kwa sauti. Hakuna mtu leo, awe na bunduki au awe na kipaza sauti, mwenye ruhusa ya kuligeuza kuwa agizo lake dhidi ya kabila au jirani. Yesu aliyemwambia Petro aurudishe upanga wake mahali pake ndiye tunayemsikia sasa, na anayedai kwamba Mungu amemtuma kuua anatakiwa kwanza atueleze amempita vipi yeye. Kinachobaki kwetu katika sura hiyo ni ugonjwa wa Sauli: kutii pale panapotufaa, kisha kuifunika sehemu iliyobaki kwa sadaka. Ugonjwa huo unaishi vizuri sana katika miji yetu. Kuna mizani iliyopunguzwa sokoni siku sita na fungu la kumi linalotolewa siku ya saba. Wewe, mama, ulikataa kuwaficha kondoo. Usimruhusu mtu yeyote akuambie kwamba hilo lilikuwa jambo dogo.

Lakini uliumia. Hapa sitakimbilia kukufariji, kwa sababu faraja ya haraka ndiyo iliyokufikisha mahali ulipo, pa kujiuliza ulikosea wapi.

Mahubiri mengi tunayoyasikia, redioni na katika vyumba vya maombi, yanaufundisha utii kama biashara: tii, utabarikiwa, hujabarikiwa, basi hujatii. Nusu ya kwanza ina mizizi katika Maandiko, maana Kumbukumbu la Torati 28 inaziorodhesha baraka za taifa lililosikia. Nusu ya pili, ile inayosoma kutoka kwenye taabu ya mtu kurudi kwenye dhambi yake, imekataliwa na Biblia yenyewe. Kitabu cha Ayubu kiliandikwa kuikataa, na marafiki watatu wa Ayubu waliokuwa wakiihubiri walikemewa na Mungu mwishoni mwa kitabu. Bwana wetu aliikataa tena katika Luka 13 alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu: akauliza kama mwadhani wao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe, sivyo. Wewe ni mtu wa Goma. Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, niliwasikia wahubiri wakiwaambia watu waliolala nje kwamba mtaa uliounguzwa ulikuwa na dhambi kuliko mtaa uliobaki. Lava ilifuata mteremko. Iliteketeza baa, na iliteketeza kanisa kuu la Wakatoliki pia.

Vijana watatu wa Danieli sura ya 3 wanatufaa zaidi kuliko wahubiri hao. Mbele ya tanuru walisema kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza maneno ambayo mfalme hakuyatarajia: «Bali kama si hivyo». Kama si hivyo, bado hatutaisujudia sanamu. Utii wao haukuwa na sharti la kutoka salama. Kwamba walitoka salama ni kweli, nasi tunafurahi. Lakini hawakujua hilo walipolisema. Waebrania 11, sura ile ile iliyomsifu Ibrahimu kwa kuitika, inawataja waliofunga vinywa vya simba, na baada ya mistari michache inawataja waliokatwa kwa misumeno, na haisemi kwamba hawa wa pili walikuwa na imani pungufu. Imani ilikuwa ile ile. Na juu ya Mwana mwenyewe barua hiyo hiyo inasema, katika 5:8, kwamba ingawa ni Mwana alijifunza kutii kwa mateso hayo yaliyompata. Ikiwa utii wa Yesu ulimfikisha Gethsemane, kwa nini utii wako wa depo uhesabiwe kuwa umepotea njia kwa sababu umekufikisha mwezi wa saba bila mshahara?

Kuna mtu wa mji wako ambaye lazima nimtaje. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akawa mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani, karibu kabisa na kazi uliyokuwa ukiifanya wewe, ila yeye alikuwa upande wa pili wa meza. Vilipofika vyakula vilivyoharibika, alikataa kupokea pesa ili vipite viende kuliwa na watu. Alitekwa na kuuawa mnamo Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko aliwakumbusha vijana wa nchi yetu jina lake alipokuwa Kinshasa mwezi Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri huko Roma, kama mfiadini. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya kutangaza wenyeheri, lakini sioni haya kumweka mbele yako. Nani angethubutu kusema kwamba kijana huyo mlango wake haukufunguka kwa kuwa hakutii? Simtaji ili nikutishe, wala ili uone kwamba hasara yako ni ndogo ukilinganisha na yake. Namtaja kwa sababu unadhani uko peke yako katika mpaka ule, na si kweli.

Kaka yako sasa. Usimwone kuwa adui wa imani. Anawapenda watoto wako, na njaa si jambo ambalo Biblia inalidharau. Mithali 6 inakiri kwamba hata mwizi aliyeiba kwa njaa watu humwelewa, ingawa inaongeza kwamba atalipa. Kosa lake ni kudhani kwamba haja ikiwa kubwa, amri hulala. Kongo nzima inaijua falsafa hiyo kwa jina la Kifungu cha 15, jitafutie mwenyewe, nasi tunaitaja kwa kicheko kwa sababu imetusaidia kuishi miaka mingi ambayo mishahara haikuja. Sina neno na ujanja wa kuishi: kuuza maandazi asubuhi na vitenge jioni ni ujanja mzuri. Lakini karatasi ya uongo ingekuwa na saini yako, si ya mwenye depo. Siku mkaguzi angekuja, angetafutwa aliyeandika, na watoto hao hao wanaotajwa leo ndio wangekuletea chakula gerezani. Mungu aliyekataza ushuhuda wa uongo hakukataza kuwalisha watoto. Alikukinga usiwalishe kwa mkono ambao mtu mwingine ameushika.

Tena kuna jambo ambalo kaka yako ameliona vizuri kuliko kanisa lako, nami nalisema kwa uchungu. Yeye ameuliza watoto watakula nini. Kanisa limeuliza utatoa nini. Yakobo 2:15-16 anaandika juu ya mtu anayemwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani akashibe, asimpe kitu, na anaiita imani hiyo imekufa. Utii haukuwahi kuwa mzigo wa mtu mmoja. Mmoja akikataa kuiba, wengine wanapaswa kumshika mkono ili kukataa kwake kusimuue. Kanisa linalohubiri uaminifu kazini na halina kikapu cha unga kwa aliyefukuzwa kwa ajili ya uaminifu limewaachia wengine utii wake lenyewe.

Nafika kwa mchungaji wako, na hapa naandika kwa uangalifu kwa sababu mimi pia ni mchungaji, najua jinsi ilivyo rahisi kuichanganya sauti yangu na ile ninayoitumikia. Bila shaka umesomewa Waebrania 13:17, «Watiini wenye kuwaongoza». Mstari huo ni wa kweli, nami nawafundisha washirika wangu. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo, hata hivyo, ni cha familia ya neno la kushawishi, yaani kukubali baada ya kusadikishwa. Ndiyo maana mistari kumi kabla yake, katika mstari wa 7, wasomaji waliambiwa wawatazame viongozi wao waliowaambia neno la Mungu na mwisho wa mwenendo wao. Kiongozi hutiiwa kwa sababu anakuonyesha neno ambalo wewe pia unaweza kulifungua na kulisoma. Anapokuambia neno ambalo yeye peke yake amelisikia, na ambalo linahusu pesa yako, ile picha ya mtoto aliyeitwa usiku inarudi: una haki ya kunyamaza mpaka uitambue sauti. «Jaribuni mambo yote», anasema Paulo kwa Wathesalonike, «lishikeni lililo jema.»

Kisa cha 1 Wafalme 13 hakihubiriwi sana, nami naweza kukisia sababu yake. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alikuwa na agizo wazi: asile mkate wala asinywe maji mahali pale, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Alimkatalia mfalme aliyemwalika. Kisha akaja nabii mzee, mwenye mvi na heshima, akamwambia kwamba malaika amesema naye, njoo nyumbani kwangu ule. Maandiko yanaongeza kwa ufupi wa kutisha kwamba alimdanganya. Yule mtu alikula, na njiani simba akamuua. Alikuwa amemshinda mfalme, akashindwa na mtumishi mwenzake. Nimewaona Wakristo wa namna hiyo: mbele ya bosi mla rushwa wanasimama kama mwamba, mbele ya mtu anayesema «Bwana ameniambia» wanalegea. Wewe umekwisha kumshinda mfalme, mama. Jihadhari na mwaliko wa pili.

Kuhusu pesa yenyewe, sihitaji ufunuo ili nikujibu, na wewe pia huuhitaji. Unajua likelemba inavyokwenda. Zamu yako ikifika, unapokea jumla, lakini wenzako waliobaki nyuma yako bado wanangoja mchango wako wa kila wiki au kila mwezi mpaka mzunguko uishe. Kwa hiyo sehemu ya pesa hiyo bado ni deni mikononi mwako. Ukiitoa yote madhabahuni siku ya Jumapili, wiki inayofuata utamwambia nini mama anayeuza samaki, ambaye zamu yake ni ya mwisho? Zaburi 37:21 inamwita asiye haki yule anayekopa asilipe, wala haitoi ruhusa kwa aliyekopa ili atoe sadaka. Na sehemu iliyobaki ni chakula na ada ya shule ya watoto wanne. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliosema «Korbani», yaani wakfu kwa Mungu, juu ya mali waliyopaswa kuwatunzia wazazi wao. Aliita jambo hilo kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Aliyekataa Korbani kwa wazazi haitaki kwa watoto. Ukipenda kutoa shukrani, toa kwa kadiri ulivyo nayo, kwa moyo wa kupenda, kama 2 Wakorintho 8 na 9 zinavyofundisha, na usimwogope mtu.

Kwenda kwa mchungaji wako, usiende peke yako. Nenda na mzee mmoja wa kanisa au mama mmoja mwenye kuheshimika katika kundi la akina mama, mkae, na umwambie kwa heshima kwamba umelichunguza neno lile katika Maandiko na hukuliona, na kwamba fedha hiyo ina wenyewe. Usimshitaki kwa wizi. Huenda anaamini kabisa anachokisema. Nami niliamini saruji yangu. Akikasirika, kaa kimya. Akikutenga, niandikie tena, tutalizungumza hilo.

Limebaki swali lako la mwisho, ambalo uliliandika kama la nyongeza, na ambalo nadhani ndilo linalokukosesha usingizi: yule bwana akikuita tena, urudi? Watoza ushuru walipokwenda kwa Yohana Mbatizaji mtoni Yordani wakamuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Luka 3:13 inasema aliwaambia wasitoze kitu zaidi kuliko walivyoamriwa. Askari nao aliwaambia wasidhulumu mtu, watoshewe na mishahara yao. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa aache kazi yake aende kukaa jangwani. Kwa hiyo akikuita, nenda. Lakini kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kabla ya kushika ufunguo au kitabu, mwambie mbele ya mtu wa tatu kwamba utaandika idadi ya mifuko utakayoihesabu mwenyewe mlangoni. Akikubali, anza Jumatatu. Akicheka na kusema mtaliongea hilo baadaye, mshukuru, na uende ukaulize katika depo nyingine.